Tusiuze shangwe ya viwanja vya shule kwa bei ya viti

Kila muhula wa pili unapowadia na timu za kandanda za shule zetu kuanza kumenyana katika michuano ya kaunti ndogo, huzuka swali ambalo wakuu wa shule, kamati za wazazi na wanasiasa hulijibu kwa haraka kupita kiasi. Je, uwanja wa zamani wa shule, ule ambao vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeshangilia vikiwa vimesimama au vimeketi nyasini, ujengewe jukwaa la saruji lenye paa na viti, au uachwe ulivyo? Hapa Nkubu na kote Imenti Kusini swali hili si la kinadharia. Ahadi za majukwaa ni nyepesi kutolewa, na msimu wa kampeni huzizidisha. Jukwaa huonekana kutoka barabarani. Lina ukuta ambao jina la mfadhili linaweza kuandikwa kwa rangi. Ukingo wa nyasi hauna mahali pa kuandika jina la mtu.

Msomaji asiyeijua nchi hii hana budi kuelezwa kidogo juu ya ardhi yake. Barabara kuu itokayo Embu kuelekea Meru hupanda na kushuka mabonde yanayoteremka kutoka Mlima Kenya, na Nkubu imekaa katikati ya mashamba ya kahawa, huku chai ikianza kadiri unavyopanda kuelekea msituni. Ardhi tambarare ni haba. Kwa hiyo uwanja wa shule katika pande hizi aghalabu umechongwa ubavuni mwa kilima: upande mmoja umefukuliwa na upande wa pili umejazwa udongo. Upande uliofukuliwa huacha ukingo, nao ukingo huo, ukishaota nyasi, huwa jukwaa la bure. Hakuna mhandisi aliyelichora. Mtoto wa madarasa ya chini akiketi chini na yule wa madarasa ya juu akiketi juu, wote wawili wanauona mpira, na wote wawili wamo hatua chache tu kutoka kwa mchezaji anayerusha mpira wa mkono. Wakiimba, anawasikia. Wakimdhihaki mlinzi wa timu ngeni, naye pia anawasikia, na pengine hilo ndilo linalomfanya aupige mpira nje ilhali angeweza kuutuliza.

Hali hiyo ndiyo tunayoitafutia jina. Waingereza wanalo neno moja wanalolitumia kwa hewa inayoizunguka dunia na pia kwa ile hisia inayomvaa mtu anapoingia uwanjani. Sisi tuna angahewa kwa ile maana ya kwanza, na mwanafunzi yeyote wa jiografia analijua. Lakini mtu akisema kwamba angahewa ya mechi ya jana ilikuwa kali, wenzake watamcheka, na watakuwa na haki. Kiswahili hakikukosa neno. Kililiweka mahali pengine. Tunasema shangwe, hamasa, nderemo, hoihoi. Na zaidi ya yote tunacho kitenzi kushangilia. Kitenzi hiki kina tabia ya kuangaliwa. Hudai shamirisho: humshangilia mtu, huishangilia timu. Kustarehe, kwa upande wa pili, hakudai lolote. Mtu hustarehe peke yake, na sentensi ikaishia hapo. Sitaki kuibebesha sarufi mzigo wa falsafa usiouhusu, lakini tofauti hii inaeleza jambo la kweli kuhusu viwanja. Kiti huniweka mimi katika raha. Ukingo huniweka katika uhusiano na yule ninayemshangilia.

Mfano ulio karibu nasi ni Kinoru, katika mji wa Meru, mwendo wa kama nusu saa kwa matatu kutoka Nkubu. Kenya ilipopewa uenyeji wa mashindano ya CHAN ya mwaka 2018, Kinoru uliorodheshwa miongoni mwa viwanja vya kuyapokea, na ukarabati mkubwa ukaanza. Mnamo Septemba 2017 Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, liliipokonya Kenya uenyeji huo kwa kuwa matayarisho yalikuwa yamechelewa, na Morocco ikayaandaa mashindano. Kinoru haukuachwa gae moja kwa moja: sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika humo tarehe 1 Juni 2018, na mwaka uliofuata fainali za kitaifa za mashindano ya vijana ya Chapa Dimba zikachezwa huko. Ni uwanja wa kujivunia. Hata hivyo, ni nani alaye shangwe yake kila Jumamosi? Uwanja mkubwa huhitaji timu kubwa na ratiba ya kudumu. Usipovipata hivyo, mashabiki mia tano wakiwa ndani yake huonekana kama punje za mahindi zilizosahaulika ghalani. Mia tano hao hao wangeufanya ukingo wa shule ya Nkubu utetemeke. Ukubwa wa jukwaa usiolingana na watu wake ni njia moja ya kuiua shangwe, tena njia ya gharama kubwa.

Njia ya pili ni umbali. Viwanja vya Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, na Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, vimezungukwa na njia ya riadha. Kwa taifa la wakimbiaji kama letu hilo lilikuwa na mantiki, na sitawalaumu waliolikata shauri. Lakini shabiki wa kandanda anayeketi Kasarani yuko mbali na mstari, na sauti yake inapofika kwa mchezaji imekwisha kupoa. Si ajabu kwamba wazee wa Nairobi bado wanausifu uwanja wa City, ule wa Barabara ya Jogoo ambao zamani uliitwa Donholm Road na ambao mwaka 2019 ulipewa jina la marehemu Joe Kadenge. Pale hawakuwa wanasifu viti.

Hapa ni lazima niwatahadharishe wale watakaoyachukua maneno haya na kudai kwamba saruji yenyewe ndiyo adui. Desemba 1987, Kasarani ukiwa mpya kabisa, Gor Mahia walitoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia na kulinyakua Kombe la Washindi barani Afrika kwa faida ya mabao mawili waliyoyafunga ugenini katika sare ya 2-2. Hakuna aliyekuwapo anayeweza kusema kwamba siku hiyo shangwe ilikosekana kwa sababu ya njia ya riadha. Majirani zetu wa Tanzania nao wana ushahidi wao. Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, ambako bendera ya uhuru ilipandishwa mwaka 1961, watu waliupachika jina la Shamba la Bibi, na jina la utani, mpenzi msomaji, ni cheti cha mapenzi ambacho hakuna wizara inayoweza kukitoa. Mwaka 2007 ulifunguliwa jirani yake uwanja mpya wa viti 60,000, ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Unayo njia ya riadha na kila starehe. Simba na Yanga wanapokutana humo, hakuna anayelilia Shamba la Bibi. Watu wakiwa na jambo la kulishangilia, na wakiwa wengi wa kutosha, watalishangilia hata juu ya plastiki.

Naam, tena watalishangilia hata pasipo kiti wala uwanja. Kwa miaka mingi, mkazi wa Nkubu ambaye hakuwahi kufika Nairobi aliijua hali ya uwanja kwa kupitia redio. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na baadaye watangazaji kama Mohammed Juma Njuguna na Jack Oyoo Sylvester, waliujenga uwanja mzima kwa Kiswahili ndani ya jikoni za watu. Sauti ya Mbotela ikitaja Kadenge na mpira ilitosha. Mzee akiwa ameketi juu ya kigoda cha miguu mitatu aliinuka. Walimu wa fasihi simulizi wangefaa kulifundisha jambo hili kwa uzito zaidi, maana utangazaji wa kandanda ni utanzu hai wenye takriri, tanakali za sauti na majigambo, na wanafunzi wetu wanaumudu kuliko wanavyomudu mashairi tunayowalazimisha kuyakariri. Nenda ukingoni mechi ikiendelea usikilize. Utamkuta kijana mmoja asiye na kipaza sauti, akiitangaza mechi kwa wenzake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru, na kundi zima limemzunguka. Kijana huyo humpati kwenye safu ya viti vilivyopigwa nambari.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao wapenzi wa mambo ya kale hawapendi kuutazama. Shangwe imewahi kuua. Tarehe 23 Oktoba 2010, mashabiki saba walipoteza maisha katika msongamano uwanjani Nyayo siku Gor Mahia ilipocheza na AFC Leopards. Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, watu zaidi ya 120 walikufa baada ya mashabiki waliokasirika kuanza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakafyatua vitoa machozi, na umati ukakimbilia milango iliyokuwa imefungwa. Uingereza ilipata funzo lake mwaka 1989 huko Hillsborough, ambako waliofariki kutokana na msiba huo walifikia 97. Baada yake, ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ilipendekeza viwanja vyote vikubwa viwe vya kuketi tu, na kuanzia katikati ya miaka ya tisini klabu za madaraja mawili ya juu zikatii.

Ila tuisome historia hiyo hadi mwisho. Uchunguzi uliokamilika mwaka 2016 ulikuta kwamba kule Hillsborough lawama haikuwa ya mashabiki. Polisi waliwaelekeza watu wengi mno katika vizimba vilivyozungushiwa ua wa chuma. Kusimama si kulikoua. Ndiyo maana Waingereza wenyewe, baada ya miaka mingi ya viti vitupu vya shangwe, walianza tena mwaka 2022 kuruhusu sehemu za kusimama zenye vyuma vya kujishikilia. Na huko Accra viti vilikuwapo, vikageuzwa silaha. Kinachookoa maisha ni milango iliyo wazi, njia pana, na hesabu sahihi ya watu walioingia. Sisi wenyewe tulikumbushwa Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Mashabiki wasio na tiketi walivunja malango ya Kasarani, na CAF ikaamuru watakaoruhusiwa kuingia wasizidi 27,000 katika uwanja unaoweza kuwapokea watu takriban 48,000. Kwa maneno mengine, tulikuwa na viti vya kutosha tukakosa milango ya kutosha na nidhamu ya kuitumia. Marehemu Mbotela angeuliza, kama alivyozoea katika kipindi chake kilichodumu tangu mwaka 1966, iwapo huo ulikuwa ungwana.

Nirudi ukingoni, kwa sababu kuna starehe nyingine ambayo haizungumzwi. Wanaosifia uzuri wa uwanja wa zamani kwa kawaida ni wanaume, tena waliokuwa wavulana wenye miguu mizima. Kwao kukosekana kwa choo karibu na uwanja ni kichekesho cha kusimulia. Kwa msichana aliyesafirishwa kwa basi kutoka shule nyingine kuja kucheza au kuishangilia timu yake kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, si kichekesho. Ni sababu ya kutokuja tena. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuupanda ukingo. Huwekwa pembeni, karibu na bendera ya kona, mahali ambapo anaona migongo ya wenzake. Mwalimu mwenye umri wa miaka hamsini na tano husimama kwa saa tano. Mwezi wa Julai, ukungu na baridi ya mlima vinaposhuka Imenti, rasharasha za asubuhi huufanya ukingo uteleze kama sabuni. Anayeniambia kwamba usumbufu huu ndio unaoleta shangwe ananisimulia hadithi ya ujana wake. Sidhani kwamba anaueleza uwanja.

Kwa hiyo starehe ni neno lililobeba mambo mawili ambayo yafaa tuyatenge. Ipo starehe inayomwezesha mtu kuwapo: choo, maji, njia ya kupita, ardhi isiyoteleza, kivuli kwa anayekihitaji. Na ipo starehe inayomtenga mtu na wengine: kiti chenye mto, hema jeupe, chupa ya maji juu ya meza yenye kitambaa. Ile ya kwanza haijawahi kuiua shangwe popote. Ya pili huiua polepole, na katika shule zetu tumeizoea mno. Siku ya fainali hema za wageni waheshimiwa husimikwa katikati ya upande mzuri wa uwanja, papo hapo ambapo wanafunzi wangekuwa wamekaa, nao hupelekwa nyuma ya goli. Mgeni huwasili dakika ya sabini, mchezo husimamishwa ili awasalimu wachezaji, na kasi iliyokuwa imepandishwa na timu kwa zaidi ya saa nzima hupotea. Jukwaa la saruji lenye paa, kama linavyojengwa kwetu, kwa kawaida ni hema hilo hilo lililogeuzwa kuwa la kudumu.

Wenzetu wa ughaibuni wamelitatua jambo hili kwa namna isiyotarajiwa. Marekani, nchi inayosifika kwa starehe, ina viwanja vya vyuo vikuu vilivyokongoroka kwa umri ambavyo bado vinajaa pomoni. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan ulifunguliwa mwaka 1927 na huwachukua watu zaidi ya laki moja, wengi wao wakiwa juu ya mabenchi marefu yasiyo na mgongo, ambapo nafasi ya mtu ni nambari tu iliyoandikwa. Wangeweza kuweka viti vya fahari kote. Lakini kiti kipana humla jirani yake, na kila safu inayopanuliwa huwatoa watu nje. Kandanda yao si yetu, na fedha zao si zetu. Hesabu ya benchi ni ile ile. Karibu zaidi, ligi ya kandanda ya vyuo vikuu vya Uganda huchezwa nyumbani na ugenini katika viwanja vya vyuo vyenyewe. Wangeweza kukodi uwanja mkubwa wa jiji. Walichagua kubaki pale ambapo wanafunzi wanaweza kutoka bwenini kwa miguu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa walimu wakati huu. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia katika shule za upili chini ya mtaala mpya, na mojawapo ya mikondo mitatu ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Maana yake ni kwamba uwanja si tena mahali pa kupumzikia baada ya masomo. Kwa baadhi ya wanafunzi ni darasa. Shule inayotumia akiba yake kujenga jukwaa la watu mia mbili huku uwanja wenyewe ukiwa na mashimo na mfereji wa maji ya mvua ukikatiza kwenye eneo la penalti imewahudumia watazamaji na kuwasahau wanaotahiniwa. Kwanza usawazishwe uwanja na kupandwa nyasi. Pili vijengwe vyoo, vya wasichana kwanza. Tatu ukingo ukatwe ngazi pana za udongo zilizozuiwa kwa mawe, na nyasi zirudishwe juu yake. Mafundi wa mawe hatuwakosi Imenti. Paa dogo mwisho mmoja, lenye njia ya mteremko kwa wasioweza kupanda ngazi, litoshe kwa walemavu, wagonjwa na wazee, na mheshimiwa akitaka kukaa humo apange foleni.

Lipo pia la usalama wa ardhi yenyewe, na hapa lugha inatuonya tena. Katika Kiswahili chetu neno kiwanja lina maana ya mahali pa kuchezea na pia ploti ya kujengea nyumba. Wapo watu ambao hulisikia kwa maana ya pili tu. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoa machozi walipojaribu kuuondoa ukuta uliokuwa umeuzingira uwanja wao. Uwanja usiotumiwa, au unaofunguliwa siku ya wageni tu, ni rahisi kunyemelewa. Ule unaojaa watu kila Jumamosi una walinzi mia saba wasiolipwa mshahara. Shule nyingi kongwe zinakalia ardhi iliyotolewa na jamii au makanisa miaka mingi iliyopita, na iwapo hati miliki haijapatikana, basi pesa za awali za huo mradi wa jukwaa zingefaa kuelekezwa kwa mpimaji wa ardhi.

Nairobi imepangiwa uwanja mpya wa viti 60,000 katika eneo la Ngong Road kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na huo haukuwekewa njia ya riadha. Wasanifu wake wamekubali kwamba karibu ni bora kuliko fahari, na kwamba mtu anaweza kuwa na paa pamoja na sauti. Hatuna sababu ya kurudia huku mashinani makosa ambayo jiji limeanza kuyaacha. Kamati ya wazazi itakapoletewa ramani ya jukwaa, waulize vyoo viko wapi kwenye mchoro huo, milango ni mingapi na inafunguka kuelekea upande gani, na wanafunzi wataketi wapi siku mgeni atakapokuja. Kama jibu la swali la mwisho ni nyuma ya goli, ramani irudishwe kwa aliyeichora.